Yaliyobaki Nje ya Muhtasari

Kikao kilianza saa nne na dakika arobaini.
Kilipaswa saa tatu. Nimeandika: saa tatu.
Akidi ilitimia alipoingia Diwani Onzima
akifuta vumbi la Oluko viatuni kwa karatasi ya ajenda.

Hoja: nyumba za kamari zisifunguliwe kabla ya saa kumi jioni,
baa zifunge saa nne usiku,
na zote zikae hatua mia tatu kutoka shule yoyote ya Jiji la Arua.
"Hatua za nani?" akauliza Diwani Draga,
"zangu mimi mwenye goti bovu,
au za mtoto anayekimbia na karo mfukoni?"
Ukumbi ukacheka.
Nimeandika: ufafanuzi uliombwa.

Bi Ezaruku akasimama bila karatasi.
Alisema mashine ya mbao nyuma ya soko,
ile inayomeza sarafu za mia tano,
imeshaonja pesa ya chumvi, pesa ya daftari,
pesa ya sanda.
Ya sanda aliisema mara mbili.
Nimeandika mara moja.

Mweka hazina akavua miwani.
Leseni za pombe na kamari, waheshimiwa,
ndizo zinazotia mafuta gari la taka,
ndizo zilizolipia hizi taa mlizokaa chini yake.
Mfukuzeni panya, lakini mkumbuke
ndiye anayetuletea mahindi.
Feni ikazunguka. Kila mtu akaitazama feni
kana kwamba nayo ina kura.

Mimi ni karani. Karani ana sikio na kalamu, basi.
Mama yangu alipika kwete Ediofe miaka kumi na tisa;
mtama ukichipua juu ya gunia lililoloa,
nami nikijifunza hesabu pembeni:
debe, kibuyu, kikombe, deni.
Vikombe vya walevi vilininunulia sare,
vikaninunulia na mwandiko huu mzuri
unaoandika sasa kwamba kikombe ni kosa
ikishapita saa nne.
Kaka yangu Andama alisomea kikombe chenyewe.
Alifuzu.
Tulimzika mvua ikinyesha, na waliobeba jeneza
walinukia alichokufa nacho.

Kwa hiyo msiniulize niko upande gani.

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono.
Nilikuwa nimefika mkono wa tisa
simu iliponguruma ndani ya mkoba,
na hapo, waheshimiwa, nilipoteza hesabu.
Maana mkobani, kati ya daftari la mahudhurio
na kipande cha muhogo, ulikuwepo mkeka wangu:
mechi saba, sita zimekubali,
ya saba inachezwa kwenye mji ambao sijui
uko upande gani wa jua.
Wahenga walituasa juu ya mbachao na msala upitao.
Mkeka wa elfu mbili hawakuujua,
huu usiotandikwa, usiolaliwa,
ila unaweza kuinua nyumba nzima ikakaa sakafuni.

Nikaomba mikono inyooshwe tena.
Kumi na moja. Kumi na moja.
Spika akaangalia saa ya ukutani, iliyokufa mwaka juzi,
akasema muda umetutupa mkono,
hoja iende kamatini.
Nimeandika: iliahirishwa.

Chai ilikuwa ya maziwa, yenye tangawizi nyingi.
Onzima na mweka hazina walinong'ona dirishani.
Simu sikuifungua. Niliishika tu,
ilikuwa na joto kama yai lililotoka kutagwa.

Bi Ezaruku alinikuta kwenye ngazi.
"Mwanangu Candiru," akasema,
"lile neno langu, umeliandika mara ngapi?"
Hakungoja jibu. Alishuka akijishikilia ukutani,
mkoba wake mwepesi, kanga ya kiunoni imefungwa fundo
pale watu wanapofungia pesa,
na fundo halikuwa na kitu.

Nikarudi ukumbini. Feni bado ilikuwa inazunguka.
Nikafungua ukurasa wa tatu,
mstari wa kumi na nne,
nikaandika: sanda.
Kisha nikafungua simu.